Pesa ya Kwanza Iende kwa Rejeta, Sio kwa Eksosi

Wasee, hii nitaisema vile iko. Kama uko na Subaru ya turbo unayoenda nayo kazi kila siku, na pesa yako ya kwanza ya kuitengeneza ilienda kwa eksosi, hujaboresha gari. Umeboresha sauti ya gari itakayochemka Mlolongo watu wa matatu wakikuangalia.

Najua nimegusa wengi. Eksosi ndiyo kila mtu hutaka kwanza, na naelewa. Ule mngurumo ndio ulitufanya tuipende hii gari tukiwa bado watoto wa kusimama kando ya barabara. Na mimi riziki yangu ni kamera, kwa hivyo najua vizuri video ya bomba likitema moto hupata watu wangapi na video ya mtu akibadilisha kofia ya rejeta hupata wangapi. Ya kofia hata mamangu haimalizi. Lakini kofia ndiyo itakufikisha Voi.

Naongea hasa kuhusu Impreza WRX na Forester za turbo, zile za miaka ya 2000, juu ndizo vijana wengi wa hapa wanaweza kufikia. Sheria haikubali gari iliyopita miaka 8 kuingizwa nchini, kwa hivyo WRX ya 2004 inayouzwa leo haijatoka bandarini juzi. Imekaa hapa miaka. Imepitia mikono minne mitano, na kila mkono ulikuwa na fundi wake na imani zake. Rejeta yake kutoka kiwandani ina plastiki juu na chini, na plastiki iliyopikwa kwa miaka ishirini hugeuka rangi ya chai, halafu siku moja hupasuka. Huwa haipasuki ukiwa umeegesha nyumbani. Hupasuka ukiwa unapita malori.

Sasa tufanye fizikia kidogo. Msiogope, mimi mwenyewe sikumaliza chuo na hii naielewa, ni ya sekondari.

Mombasa maji huchemka digrii 100. Nairobi iko juu ya bahari kwa zaidi ya mita 1,700, hewa huku ni nyepesi, na maji huchemka kwa kama digrii 94. Ndiyo maana maharagwe ya huku hayaivi haraka. Sasa chukua Subaru. Thamostati yake huanza kufunguka karibu digrii 78, na feni za mbele huanza kuzunguka karibu 95. Rudia hizo namba polepole. Feni inaamka kwa 95, na maji ya Nairobi yanachemka kwa 94. Kama kila kitu kingekuwa wazi, gari ingechemka kabla feni haijashtuka.

Kinachozuia hiyo aibu ni kofia. Ile kofia si kifuniko cha sufuria. Ina springi inayofungia presha ndani, na maji yakiwa chini ya presha hayachemki haraka. Kofia nzima inasukuma kiwango cha kuchemka hadi zaidi ya digrii 115 hata hapa Nairobi. Springi ikichoka, au ule mpira wa chini ukikauka, presha inatoroka na unarudi kwa zile 94 zako. Gari inaanza kurusha maji kwenye tangi la akiba, unaongeza, inarusha, unaongeza. Halafu unaambiwa injini imekufa. Wakati mwingine kweli imekufa. Wakati mwingine ni kofia, kitu ambacho bei yake haifiki hata mafuta ya kujaza tangi la lita 60.

Na Subaru ya turbo ina ujanja wake ambao umewaliza wengi: iko na kofia mbili. Moja iko kwa rejeta, nyingine kwa lile tangi dogo la juu karibu na turbo. Hizo kofia hazifanani kazi. Mtu akizibadilisha wakati wa kuosha injini, presha inafunguka mahali si pake na utatafuta ugonjwa mwezi mzima. Pia maji hujazwa kupitia lile tangi la juu, kwa sababu ndilo liko juu kuliko vyote. Ukijaza kwa rejeta peke yake unaacha hewa ndani. Hewa ikikaa kwenye hedi, hapo silinda haina maji, iko na mvuke, na mvuke haupozi chuma. Pale juu ya rejeta kuna skrubu ndogo ya kutoa hiyo hewa. Mafundi wengi hawaigusi kabisa.

Hii inanileta kwa jambo moja ambalo huniudhi kuliko yote. Unapeleka gari gereji, unasema inapanda joto, na kabla hujamaliza sentensi fundi ameshatoa thamostati na kuitupa. "Hii haihitajiki Kenya, hii ni ya nchi za baridi." Umewahi kusikia hiyo? Mimi nimeisikia gereji tatu tofauti, na zote zilikuwa na foleni ya wateja.

Si kweli. Thamostati haikuwekwa kwa ajili ya theluji. Kazi yake ni kuifikisha injini kwa joto lake haraka na kuishikilia hapo. Ukiitoa, asubuhi ukitoka Kahawa kwenda taoni injini inakaa baridi muda mrefu. Kompyuta inafikiri ndiyo imeamka sasa hivi, inaendelea kumwaga petroli ya ziada. Petroli nyingine inateleza ukutani mwa silinda na kuingia kwenye oili, oili inakuwa nyepesi, na vyuma vinasuguana. Unaanza kulia kwamba Subaru inakunywa mafuta, kumbe uliitoa kitu kilichokuwa kinaizuia kunywa. Na yule mgonjwa wa kwanza, rejeta iliyoziba ama feni iliyokufa, bado yuko ndani. Umemzimia tu taa.

Simlaumu fundi peke yake. Fundi hutoa thamostati kwa sababu sisi hutaka gari irudi saa hiyo hiyo na tukalipa elfu moja. Kutafuta ugonjwa wa kweli huchukua siku, na hakuna anayetaka kulipa siku.

Basi kama uko na bajeti ndogo, yaani kama vijana wote ninaowajua, pesa ipitie hapa kwanza. Rejeta ioshwe nje na ndani, ama kama ile plastiki imeshageuka chai, weka ya alumini nzima. Si lazima ile nene ya gari la mashindano. Mipira ya maji ibadilishwe yote mara moja, hasa ile midogo iliyojificha chini ya turbo ambayo huona moto kuliko mingine. Kofia zote mbili mpya. Thamostati mpya, na hapa usiende na ya bei ya chini, juu zile za bandia ni ndogo kuliko ya Subaru na hazipitishi maji ya kutosha. Feni zote mbili ziangaliwe. Nasema zote mbili kwa sababu moja ikifa hutajua. Ukiwa barabarani upepo unapoza wenyewe. Ni kwa jam ya Mombasa Road jioni ndipo utajua ulikuwa na feni moja.

Halafu kulanti. Kuna mjadala mrefu hapa na kila upande una kipande cha ukweli. Wale wanaosema maji matupu yanabeba joto vizuri kuliko kulanti wako sahihi, hiyo ni fizikia. Lakini maji ya kisima, na wengi Nairobi wanakunywa maji ya kisima, yana chumvi. Chumvi inashika ndani ya rejeta kama ile iliyo ndani ya birika lako. Maji matupu pia yanakula alumini, na injini ya Subaru ni alumini. Changanya nusu kulanti nusu maji yaliyosafishwa, na usiongeze ya bomba kila wiki. Kama unalazimika kuongeza kila wiki, mahali fulani maji yanatoka. Kama hayatoki nje, yanaingia ndani. Na ukiona mapovu yanapanda kwenye tangi la akiba injini ikiwaka, hiyo mara nyingi ni gasketi ya hedi, na kwa injini ya Subaru iliyolala vile, kazi ya gasketi kawaida ni kushusha injini yote chini. Linganisha bei ya hiyo na bei ya kofia.

Kitu kingine ambacho ningenunua kabla ya taa za rangi: kifaa cha kusoma kompyuta ya gari, kile kidogo kinachochomekwa chini ya usukani na kuongea na simu. Kwa gari nyingi kuanzia katikati ya miaka ya 2000 kinafanya kazi vizuri. Kwa nini? Kwa sababu mshale wa joto wa Subaru ni muongo mwenye adabu. Umetengenezwa ukae katikati kwa muda mrefu, digrii nyingi juu na chini, ili usikutie wasiwasi. Ukianza kuuona unapanda, shida ilianza zamani. Simu itakuambia 88, 91, 97, 103, na utajua wakati wa kuweka kando.

Ukifika hapo, weka kando. Zima AC, washa hita moto mpaka mwisho na feni yake juu kabisa, hata kama ni saa saba mchana Kibwezi na mko watano ndani. Hita ni rejeta ndogo, inavuta joto kutoka kwa injini na kuwapa nyinyi. Mtatoka jasho lakini mtafika. Usifungue kofia ikiwa moto. Hii naandika kwa sababu nimeona mikono ya watu. Ule mvuke unatoka na maji ya zaidi ya digrii 100 yakikutafuta uso. Na usimwagie injini moto maji baridi ya dukani ukidhani unaisaidia.

Sasa twende kwa ile ya kupendeza. Pale juu ya injini ya WRX, chini ya lile pua la boneti, kuna intakula. Jina lenyewe limekaa kama onyo, juu usipoielewa itakula kwako. Kazi yake ni kupoza hewa inayotoka kwa turbo kabla iingie kwenye injini. Na turbo ya huku inafanya kazi ngumu kuliko ya Mombasa: hewa ni nyepesi, kwa hivyo inazunguka zaidi kufikisha presha ile ile, na hewa inatoka ikiwa moto zaidi. Ongeza kwamba intakula imekaa juu ya injini kama chapati juu ya jiko. Kwa jam ya dakika arobaini inaiva. Ndiyo maana ukitoka kwenye jam ukakanyaga, gari inahisi nzito kama imebeba simiti. Haijaharibika, ina joto.

Watu wanakimbilia kununua intakula kubwa ya kuweka mbele ya gari. Inaonekana vizuri kwa picha, sikatai. Lakini kwa gari ya kila siku yenye nguvu za kiwandani, umeweka ukuta mbele ya rejeta ile ile iliyokuwa inahangaika, na umeongeza mabomba marefu ambayo turbo lazima iyajaze kabla usikie chochote. Maoni yangu: baki na ya juu. Osha zile pezi, nyoosha zilizolala, na hakikisha mpira unaoziba kati ya boneti na intakula upo, maana nyingi zimekatika na upepo wote wa lile pua unapita kando. Hiyo ni kazi ya mchana mmoja.

Na kuongeza presha ya turbo? Hizi gari za Japani zilipangwa zikitarajia petroli yao ya oktani ya karibu 100. Super ya kawaida ya kwetu iko chini ya hapo. Petroli ya oktani ndogo pamoja na hewa moto hulipuka kabla ya wakati wake ndani ya silinda, na ule mlipuko ni kama mtu anapiga pistoni nyundo. Kompyuta inajaribu kujiokoa kwa kupunguza nguvu. Kwa hivyo yule jamaa aliyeongeza presha bila kupoza anaweza kuwa na gari polepole kuliko ile yake ya kawaida, na hajui, juu eksosi inapiga kelele. Ukitaka kurekebishwa kompyuta, tafuta mtu anayepima gari yako hapa, kwa hewa ya hapa na petroli ya hapa, sio anayekutumia faili iliyotengenezewa gari ya Uingereza.

Kuna watu wataniambia hii yote ni mawazo ya wazee, kwamba Subaru ni gari ya rali. Sawa, tuongee rali. Colin McRae alishinda Safari Rally mwaka 1997 kwa Impreza, na Richard Burns akashinda kwa Impreza mwaka 2000. Zile gari za Safari mnazoziona kwa picha za zamani zilikuwa na nini cha ziada? Vyuma vya mbele vya kuzuia ng'ombe na mawe, bomba la kuvutia hewa limepandishwa juu ya maji, miguu iliyoongezwa nguvu. Safari ya enzi hizo ilikuwa vumbi, matope na joto siku nzima, na vitu walivyoongeza vilikuwa vya kuifanya gari imalize. Jina la Subaru hapa Kenya lilitengenezwa na gari zilizomaliza. Sasa sisi wajukuu zake tumechukua kibandiko tu.

Upande wa pili kuna wale wanasema kijana asinunue gari ya namna hii kabisa, anunue Vitz atulie. Hawa pia siwakubali. Msee anafanya kazi, anajilipia, anataka kitu kinachomfanya atabasamu saa kumi na mbili asubuhi. Hiyo si dhambi. Lakini wana hoja moja ambayo haiwezi kupitwa: kwa wengi wetu hii gari si ya wikendi. Ndiyo inakubebea vifaa vya kazi, ndiyo inapeleka shosho hospitali, na wengine bado wanalipa mkopo wake. Tajiri akiua injini anapanda ile nyingine. Wewe ukiua injini umeua gari, umeua kazi, na mkopo haujafa.

Breki nazo niweke hapa, juu ni joto lile lile. Oili ya breki huchemka pia. DOT 4 ikiwa mpya huanza kuchemka si chini ya digrii 230, lakini inavuta unyevu kutoka hewani, na ikishazeeka kiwango kinaweza kushuka hadi 155. Ukishuka Mai Mahiu na mguu juu ya breki njia nzima, pedali inaweza kuingia mpaka sakafuni ukiwa nyuma ya lori. Badilisha hiyo oili kila miaka miwili na ushuke kwa gea ya chini. Huu nao ni uboreshaji, hata kama hakuna atakayeupiga picha. Pedi nzuri na taya nzuri, kabla ya kuongeza hata farasi mmoja.

Na eksosi? Ukishamaliza hayo yote na bado uko na pesa, weka. Badilisha ile sehemu ya nyuma tu, acha ya mbele na kichujio chake, na majirani wako watakusalimia bado.

Swali ninaloulizwa zaidi ni la ile valvu ya "pssh", ile inayotema hewa ukibadilisha gea. Kwa WRX, hewa inapimwa mwanzoni kabisa kabla ya turbo, na kompyuta inatoa petroli kulingana na hewa iliyopimwa. Kiwandani ile valvu hurudisha hewa ndani. Ukiweka inayotema nje, kila "pssh" ni hewa iliyokwisha hesabiwa inayotoka, na petroli yake inabaki. Unalipa petroli ya hewa ambayo umeitupa, kila gea, kutoka Githurai mpaka Globe.